Klipu ya indie folk: alama zake, kazi zake, na namna ya kuzitumia hapa kwetu mashariki

Kijana anatembea peke yake katikati ya miti. Amebeba gitaa ya mbao mgongoni. Kuna ukungu. Mbele yake iko nyumba moja ya mbao, ya zamani, haina mtu. Anakaa mbele ya mlango, anaanza kuimba polepole.

Mtu mwenye alizoea muziki ya indie folk, kule Marekani, Uingereza ao Uswidi, akiona picha hizo hata bila sauti, atajua mara moja ni muziki gani. Lakini umuonyeshe mama mmoja wa Masisi ao wa Djugu picha zile zile, yeye ataona jambo lingine. Atauliza: «Sasa huyu kijana anatafuta nini mu pori? Nani anamufukuza? Na benye nyumba balienda wapi?»

Hapo ndipo shida inaanza kwa vijana wetu wa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia wenye wanapiga gitaa na wanataka kutoa klipu ya namna hiyo. Kila aina ya muziki iko na alama zake kwenye video. Alama hizo zinasaidia, juu mtazamaji anajua ameingia kwenye nyumba gani. Lakini alama inabadilisha maana ikivuka mpaka. Katika makala hii tunaeleza alama za klipu ya indie folk, kazi yenye kila moja inafanya, na namna ya kuzitumia bila kusema jambo lenye haukutaka kusema.

Indie folk ni nini?

Folk ni muziki ya watu wa kawaida: nyimbo za kijiji, za kazi, za safari, zenye kupigwa na vyombo vya mkono. Indie ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea: msanii anarekodi mwenyewe ao na kampuni ndogo, hangojei kampuni kubwa. Ukiunganisha maneno hayo mawili, unapata muziki yenye gitaa bila umeme, banjo, violoni, sauti mbili ao tatu zikiimba pamoja, na maneno yenye kusikilika. Ilipata nguvu sana kuanzia miaka ya 2000.

Mfano wenye watu wengi wanataja ni Bon Iver. Justin Vernon, mwanzilishi wake, alijifungia kwenye nyumba ya mbao ya baba yake, nyumba ya kuwindia, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, wakati wa baridi ya mwaka 2006 kuingia 2007. Alirekodi karibu albamu nzima peke yake. Aliitoa mwenyewe mwaka 2007, kisha kampuni ikaichukua mwaka 2008. Hadithi ya nyumba ile ilisambaa pamoja na nyimbo, na nyumba ya mbao yenye kusimama peke yake ikazidi kuwa alama ya muziki hii.

Msifikiri ni jambo la mbali kabisa na sisi. Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, mtu wa Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Alikuwa na gitaa moja na vidole vyake. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la Newport, katika jimbo la Rhode Island, kwenye tamasha kubwa ya folk ya Wamarekani. Kwa hiyo, kijana wa kwetu mwenye kukaa na gitaa moja na kuimba hadithi ya maisha yake haigi tu wazungu. Anaendelea na kazi yenye wazee wetu walifanya.

Alama zenyewe

Mtafiti Andrew Goodwin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya klipu za muziki, alionyesha mambo yenye yanarudi kila mara: kila aina ya muziki iko na tabia zake, picha zinafuata maneno ya wimbo ao zinafuata mapigo yake, uso wa msanii unaonyeshwa kwa karibu, na klipu nyingi zinachukua picha kutoka filamu na kazi zingine. Tukiangalia klipu za indie folk kwa jicho hilo, tunapata alama hizi:

1. Mahali. Pori, mlima, ziwa, barabara ya udongo, nyumba ya mbao. Mji hauonekani sana. Kazi ya mahali hapo ni kuleta utulivu na kumuweka mwimbaji mbali na kelele.

2. Mwanga. Jua la asubuhi ao la mangaribi, moto, buji, taa ya mafuta. Kazi yake ni kuleta joto la moyo na kumbukumbu.

3. Vyombo. Gitaa inaonekana vizuri, na vidole vikigusa nyuzi. Kazi yake ni kuhakikisha: muziki hii imepigwa kweli na mikono ya watu.

4. Nguo na vitu vya zamani. Shati za mistari, kofia, redio ya zamani, barua, picha za familia. Vinasema kwamba wimbo uko na umri, unatoka mbali.

5. Hadithi. Safari, kuondoka, kurudi, mtu mwenye alipotea, utoto. Maneno ya wimbo ni ya hadithi, na picha zinafuata hadithi hiyo.

6. Mwendo wa picha. Picha moja inakaa muda. Tufanye hesabu: wimbo wa dakika tatu na nusu ni sekunde 210. Kama kila picha inakaa sekunde mbili, sawa katika klipu nyingi za kucheza, utahitaji picha 105. Kama kila picha inakaa sekunde sita, picha 35 zinatosha. Kwa mtu mwenye simu moja na siku moja ya kazi, tofauti hiyo ni kubwa.

7. Kundi. Marafiki wanazunguka moto ao meza, wanaimba pamoja. Kazi yake ni kuonyesha kwamba wimbo ni wa wote, si wa nyota mmoja.

Angalia pia vitu vyenye havionekani: gari za bei, miwani ya dhahabu, pesa zenye kurushwa, wachezaji wa mustari. Ukitia kimoja tu cha hivyo ndani ya klipu ya indie folk, mtazamaji atashangaa. Inawezekana unataka ashangae, lakini ufanye hivyo kwa kujua.

Wenyewe walifanya nini?

Tuanze na klipu ndogo sana. Mwaka 2008, madada wawili wa Uswidi, Klara na Johanna Söderberg wa kundi First Aid Kit, waliingia katika pori na gitaa moja, wakaimba wimbo wa kundi lingine, Fleet Foxes la Marekani. Hakuna hadithi, hakuna mapambo. Video hiyo ndiyo ilifanya watu wa mbali wawajue. Alama tatu tu zilitosha: miti, gitaa, na sauti mbili.

Fleet Foxes wenyewe, katika mwaka huo wa 2008, walitoa klipu ya «White Winter Hymnal». Iliongozwa na Sean Pecknold, kaka ya mwimbaji wao. Hakuna mtu wa kweli ndani yake: ni sanamu ndogo za udongo, zenye kusogezwa na kupigwa picha moja-moja. Alama za zamani na za asili ziko, lakini zimefanywa kwa mikono juu ya meza. Hapo tunajifunza kwamba alama haihitaji kuwa pori la kweli. Inaweza kufinyangwa.

Kule Paris, tangu mwaka 2006, La Blogothèque ilianza mfululizo wa «Concerts à emporter», wenye Vincent Moon alipiga picha nyingi zake. Wasanii wanaimba katika barabara, ngazi, nyumba za watu, kamera moja inawafuata, sauti inachukuliwa pale pale. Hapo mji uliingia katika muziki yenye ilizoea pori. Utulivu ulikuja kutokana na ukaribu wa kamera.

Na mbele ya hao wote, mwaka 1965, Bob Dylan alisimama katika njia moja nyembamba ya London mbele ya kamera ya D. A. Pennebaker, akaangusha karatasi kubwa zenye maneno ya wimbo wake, moja baada ya ingine. Haimbi hata neno moja mbele ya kamera. Mpaka leo watu wanaiga klipu hiyo, na iligharimu karatasi na wino.

Mfano wa mwisho ni wa kuchekesha. Waingereza Mumford & Sons walijulikana kwa banjo, koti za zamani na ndevu. Mwaka 2013, kwa wimbo «Hopeless Wanderer», waliacha waigizaji wane wa vichekesho wa Marekani wachukue nafasi yao: Jason Bateman, Ed Helms, Will Forte na Jason Sudeikis. Wale waliongeza kila kitu mpaka ikakuwa kichekesho. Tunacheka juu tunajua alama zile zote. Alama ikirudiwa sana bila sababu, inakuwa nguo ya maigizo.

Mtafiti mwingine, Steve Neale, alisema mwaka 1980 kwamba aina ya kazi, ya filamu kwa mfano, inaishi kwa kurudia na kwa kutofautiana. Ukirudia tu, watu wanachoka. Ukitofautiana tu, watu hawajui wako wapi. Msanii anatafuta kipimo katikati.

Alama ikivuka mpaka

Sasa turudi kwetu. Alama nne ziko na hatari ya pekee hapa mashariki.

Ya kwanza ni pori. Kule Uswidi, pori ni mahali pa kutembea siku ya mapumziko. Hapa, watu wengi wameacha mashamba yao juu ya watu wenye silaha, na neno pori peke yake linaleta woga. Kijana mwenye kutembea peke yake porini, katika macho ya mkaaji wa hapa, anaonekana kama mtu anakimbia ao mtu anajificha.

Ya pili ni nyumba yenye imeachwa. Huko, ni mahali pa kupumzika na kukumbuka. Hapa, nyumba bila watu ni nyumba ya watu wenye walikimbia. Wanaweza kuwa wanakaa kambini, na mmoja wao anaweza kuona klipu yako kwenye simu ya jirani.

Ya tatu ni nyumba ya mbao. Kwa Bon Iver, ni mahali pa mtu mwenye kukimbia kelele za mji. Huko Goma, nyumba za mbao ndizo mji wenyewe. Volkano Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, na juu ya mawe meusi yenye ilitapika watu wengi wamejenga kwa mbao. Ukimuweka mwimbaji mbele ya nyumba hiyo, mkaaji wa Goma hataona upweke. Ataona kartie, majirani, watoto, mama akiwasha mbabula. Si mbaya! Lakini ujue kwamba hadithi imebadilika.

Ya nne ni mwanga wa buji. Huko, buji ni chaguo. Hapa, mtazamaji atasema tu: «Umeme umekatika.»

Na kuna jambo la rangi lenye watu wengi hawaoni. Klipu nyingi za indie folk zinapunguza rangi, kila kitu kinakuwa cheupe-cheupe ao kijivu, sawa picha ya zamani. Vijana wanachukua filta hiyo kwenye simu na kuibandika juu ya sura za kwetu. Matokeo: ngozi nyeusi inakuwa kama majivu, mtu anaonekana mgonjwa. Kama unataka rangi ya zamani, punguza kijani na bluu, lakini acha rangi ya sura ikae na joto lake.

Shika kazi, badilisha kitu

Hii ndiyo kanuni yenye tunapendekeza. Kwa kila alama, jiulize inafanya kazi gani. Kisha tafuta kitu cha kwako chenye kinafanya kazi hiyo hiyo kwa macho ya watu wa hapa.

Tuseme msichana mmoja ameandika wimbo juu ya dada yake mwenye alienda mbali kutafuta maisha. Anataka upweke na utulivu. Ziwa Kivu asubuhi, mtumbwi mmoja, maji bila mawimbi: kazi imefanyika, na hakuna mtu atauliza nani anamufukuza. Mwenye anaishi mbali na ziwa anaweza kutumia shamba la ndizi nyuma ya nyumba, kiwanja cha mpira saa yenye hakuna mtu, ao ua wa nyumba baada ya mvua.

Anataka kitu cha zamani chenye kubeba kumbukumbu. Gari ya zamani ya Wamarekani haitusaidii. Kikwembe cha dada, kimekunjwa juu ya kitanda, kinasema zaidi. Redio ya babu, picha ya familia yenye ilipigwa studio, chukudu ya baba imesimama ukutani: kila mmoja wetu anajua umri wa vitu hivyo.

Anataka moto na kundi. Mbabula na sufuria, mangaribi, watu wa nyumba wamekaa, mmoja anaanza kuitikia wimbo. Hapo huhitaji kufundisha mtu kuigiza.

Anataka safari. Barabara ya udongo inafaa, lakini usichague barabara yenye watu wanajua kwa mashambulizi. Mguu ukipanda mtumbwi, mfuko ukifungwa, mkono ukipungia: picha tatu fupi zinatosha kusema ameondoka.

Maneno ya wimbo na picha visiseme kitu kimoja kila mara. Kama wimbo unasema «maji», si lazima tuone maji. Mtu akisikia «maji» na huku anaona bidoni tupu mlangoni, anaanza kufikiri mwenyewe.

Siku ya kazi

Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua linapanda na kushuka haraka. Mwanga ule mzuri wa dhahabu unakaa muda mfupi, karibu saa moja baada ya jua kutoka na saa moja mbele ya kuingia. Huko Uswidi wakati wa joto unakaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo fika mahali mbele ya saa kumi na mbili asubuhi, na ujue tayari picha zako za kwanza. Katikati ya mchana, jua likiwa kichwani, ingia ndani ya nyumba ao chini ya mti, ufilimu vidole, vitu na sura karibu na dirisha.

Usimuweke mwimbaji mbele ya anga nyeupe. Simu itapima anga, na sura yake itakuwa giza tupu. Mgeuze aangalie upande wa mwanga, na nyuma yake kuwe na majani, ukuta ao mawe meusi. Gusa sura yake kwenye kioo cha simu kusudi simu ipime sura. Safisha lensi na kitambaa. Shika simu kwa ulalo, na kama hauna miguu ya kamera, iegemeze juu ya mawe ao kiti.

Kwa sauti, njia ni mbili. Ya kwanza ni kurekodi wimbo mbele, kisha kuupiga kwenye kispika kidogo na mwimbaji anafuata. Ya pili ni kuchukua sauti pale pale: simu moja kwa picha, ingine imefichwa karibu na gitaa kwa sauti tu. Pigeni kofi moja kubwa mbele ya kuanza. Wakati wa montaji utatumia kofi hilo kuunganisha picha na sauti. Upepo wa ziwa unaharibu sauti, kwa hiyo funika maikro ya simu na kitambaa chepesi.

Piga wimbo wote mara tatu: kutoka mbali, kutoka katikati, na karibu na uso. Hata kama mambo mengine yote yakikosa, utabaki na klipu.

Usalama na heshima

Omba ruhusa kwa mkubwa wa kartie ao wa kijiji, na kwa mwenye shamba. Ndani ya hifadhi ya Virunga ao Kahuzi-Biega, usiingie kufilimu bila ruhusa ya ICCN. Usifilimu askari, barieri, daraja ao uwanja wa ndege, hata kwa nyuma ya picha. Droni ni mbaya zaidi: hapa kwetu, kitu chenye kuruka juu ya kichwa kinaogopesha watu, na kinaweza kukuletea matatizo makubwa. Mweleze mtu mmoja wa nyumbani wapi unaenda na saa ya kurudi.

Usitumie kambi ya wakimbizi sawa mapambo ya huzuni. Kama wimbo ni juu yao, zungumza nao kwanza, uwaonyeshe picha mbele ya kutoa. Kwa mtoto, mzazi akubali. Na kama umechukua wimbo wa wazee wa kijiji, andika mwishoni umetoka wapi na nani alikufundisha, kama yeye mwenyewe anakubali kutajwa.

Mbele ya kutoa

Ukimaliza montaji, ondoa sauti. Mpe simu mtu wa nyumbani mwenye hajui wimbo: mama, jirani, fundi wa baiskeli. Mwache aangalie mpaka mwisho, kisha uliza maswali mawili tu: «Umeona nini? Huyu mtu iko namna gani?»

Akijibu kwamba ameona mtu mwenye anamkumbuka ndugu yake, kazi yako imefika. Akijibu kwamba ameona mtu anakimbia vita, na wimbo wako si wa vita, rudi kwenye picha zako utafute ni alama gani ilimpeleka huko. Mara nyingi ni picha moja ao mbili tu. Zitoe, weka zingine, umuonyeshe tena.